Pikipiki kuukuu tunaziua wenyewe



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni pikipiki za zamani. Siku hizi hapa Tabora hupita watu kutoka Arusha na Dar es Salaam wakiulizia pikipiki kuukuu, na wenyeji huwacheka. Mtu mwenye akili timamu anatafutaje chuma cha miaka arobaini wakati dukani zimejaa mpya? Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Kicheko hicho kimenigharimu, ndiyo maana naandika.

Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba wa tumbaku. Alizunguka vijiji vya Urambo na Sikonge juu ya Honda CG 125 nyekundu, na alipostaafu akainunua kwenye mnada. Nilipokuwa mdogo nilikaa mbele yake juu ya tangi. Alipofariki mwaka 2014 pikipiki ikawa yangu, nikawa naiendesha kwenda kijijini ninakofundisha, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka hapa Cheyo.

Mwaka 2019 injini ilianza kutoa moshi. Fundi alinipa njia mbili: kuchonga silinda na kutafuta pistoni ya kuenea, kazi ya wiki kadhaa, au kufunga injini nzima ya Kichina siku ile ile. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, nikachagua injini ya Kichina. Ile ya zamani nikamwuzia mnunuzi wa chuma chakavu, naye akaipima kwa kilo. Halafu, kwa kuwa nilitaka kupendeza machoni pa watu, nikapaka tangi rangi ya buluu, nikatupa na ile mipira ya usukani iliyokuwa imebonyea.

Mwaka jana akaja mmoja wa wale wanunuzi. Aliomba kadi kwanza. Akapiga magoti mchangani, akafuta injini kwa leso, akasoma namba, akatazama kadi, kisha akasoma namba ya fremu. "Mwalimu," akaniambia, "hizi ni pikipiki mbili." Akanitajia shilingi laki tatu.

Nyumba ya nne kutoka kwangu, mzee mmoja alikuwa na CG ya rika lile lile. Ilikuwa haijawaka kwa miaka mingi, na kuku walitagia juu ya kiti chake. Ilikuwa kutu tupu, lakini hakuna aliyewahi kubadilisha kitu. Yule bwana alimlipa mzee milioni moja na laki nane, akapakia na kadi, na hata kile kitabu kidogo cha maelekezo kilichokuwa kimeliwa na mchwa pembeni.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana jambo hili. Wengi husema thamani ya kitu cha kale ni umri wake. Sikubaliani nao. Honda Super Cub zilitengenezwa kuanzia mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimepita milioni 100. Ukiokota moja popote, uzee wake peke yake haukupi kitu. Lakini Januari 2018, kule Las Vegas, Marekani, pikipiki moja ya Kiingereza, Vincent Black Lightning ya mwaka 1951, iliuzwa mnadani kwa dola 929,000. Za aina hiyo zilitengenezwa zipatazo 30 tu, na hiyo ndiyo Jack Ehret aliyoiendesha kuweka rekodi ya mwendo nchini Australia mwaka 1953. Hapo pana uchache, na pana habari inayojulikana ya chombo chenyewe: nani alikipanda, wapi na lini.

Pikipiki zetu haziwezi kufika huko, lakini kipimo ni kile kile. Mnunuzi anataka kujua kama mbele yake amesimama yule yule aliyetoka kiwandani. Ndiyo maana kutu ya mzee ilikuwa na bei kuliko rangi yangu mpya. Kutu husafishwa. Injini iliyoyeyushwa kwenye tanuru hairudi.

Na hapa ndipo penye uchungu. Honda waliitoa CG 125 katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu. Valvu zake husukumwa na fito badala ya kuendeshwa na mnyororo kichwani mwa injini, kwa sababu waundaji walijua kwamba itakwenda mahali ambako oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Brazil wakaanza kuiunda Manaus mwaka 1976. Wachina nao wakaiiga injini hiyo, na nyingi kati ya bodaboda za Kichina zinazonguruma hapa mjini ni wajukuu zake. Kwa hiyo vipuri vya mjukuu vinamwingia babu bila shida. Leo unabadilisha kabureta, kesho silinda, keshokutwa injini nzima, kila mara kwa bei rahisi, na mwisho babu amekwisha, limebaki jina kwenye tangi. Pikipiki ambayo haina vipuri hulala stoo ikasalimika. Ya kwetu inaangamizwa na wepesi wa kuitengeneza.

Mwalimu mwenzangu aliniambia ofisini kwamba huu ni mchezo wa wenye nazo, na kwamba mtu mwenye watoto wa kulisha hana haja ya kutunza makumbusho uani. Ni kweli. Kijana wa bodaboda akifunga injini ya bei nafuu ili apate mkate wake, simlaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba ile iliyotoka asiipeleke kwenye mizani ya chuma chakavu. Aifunge kwenye gunia pamoja na risiti, aiweke chini ya kitanda. Na kama amebadilisha injini, taarifa za kwenye kadi zirekebishwe, maana hilo lina usumbufu wake hata kwa trafiki.

Wala sisemi kwamba kitu kikitengenezwa upya kimekufa. Hapa Kwihara wageni huja kutoka nchi za mbali kutazama tembe walimokaa Livingstone na Stanley. Nyumba hiyo ilijengwa upya katika karne iliyopita, na bado watu wanakuja, kwa sababu umbo lilifuatwa na mahali ni pale pale. Mimi sikufuata umbo. Nilipaka buluu.

Nikiwa bado kwenye habari ya Kwihara, ningeomba wanaohusika na makumbusho wafikirie hili: ofisi za Serikali zinapouza pikipiki zao chakavu kwa mnada, moja ya kila aina ibakizwe na kadi yake, na yale yaliyoandikwa kuhusu safari zake. Tabora tumeonyeshwa sana wazungu waliopita kwa miguu. Bwana shamba aliyefika kila shamba la tumbaku masika na kiangazi hana hata picha ukutani.

Kwa upande wangu, laki tatu nilizikataa. Tangi nimeanza kulikwangua, na chini ya buluu nyekundu ipo, imechubuka pale nilipokuwa nikikaa. Mipira ya usukani, iliyobonyezwa na vidole vya baba, sitaipata tena. Lakini nasikia baadhi ya wanunuzi wa chuma hutenga injini nzima nzima na kuwauzia mafundi. Namba ya ile ya baba ninayo kwenye kadi. Fundi yeyote wa Tabora, Urambo au Nzega mwenye injini ya CG ya Kijapani stoo kwake, naomba aifute vumbi asome namba, kisha aulizie mwalimu mwenye Honda ya buluu hapa Cheyo. Nitakwenda mwenyewe na kadi mkononi, hata kama injini yenyewe haizunguki.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Cheyo, Tabora.