Kabla ya kununua programu ya chati, pima kwanza takwimu zake

KIKUNDI kimoja cha wawekezaji wadogo jijini Dar es Salaam, ambacho mwandishi wa safu hii ni mwanachama wake, nusura kiifute benki ya KCB ya Kenya katika orodha yake kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kompyuta. Chati ilionyesha kuwa mwaka 2007 bei ya hisa za benki hiyo iliporomoka kwa takriban asilimia 90 kwa mkupuo. Mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu ambaye sehemu ya kiinua mgongo chake imo katika mfuko, alisema fedha zake haziendi huko.

Ukweli ni kwamba hakuna kilichoporomoka. Mwaka huo KCB iligawa kila hisa moja kuwa hisa 10. Aliyelala na hisa 100 aliamka na hisa 1,000, na bei ya kila moja ikapungua kwa kiwango hicho hicho. Mali yake ilibaki ile ile. Programu yetu ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa la muuza takwimu, ambaye hakurekebisha bei za nyuma, ingawa tulikwisha kumlipa ada ya mwaka mzima.

Wawekezaji wengi hutumia wiki nzima kulinganisha programu, kisha wakatumia dakika tano kuchagua atakayewaletea bei. Kwa maoni ya safu hii, utaratibu huo ugeuzwe. Programu huchora kile inacholishwa.

Kwanza, mwombe muuzaji bei za KCB za 2007 na za Equity Bank za 2009, ambayo nayo iligawa hisa moja kuwa 10. Ukiona korongo la ghafla katika chati, ondoka. Uliza pia anavyoshughulikia gawio na hisa za bakshishi.

Pili, tazama siku ambazo hisa haikuuzwa. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL, baadhi ya kampuni hupitisha siku bila hisa hata moja kubadilisha mikono. Muuzaji makini hurudia bei iliyopita na kuandika sifuri kwenye idadi ya hisa zilizouzwa. Mzembe huandika sifuri kwenye bei, na kampuni ikaonekana imekufa Jumanne na kufufuka Jumatano. Mwingine huiruka siku hiyo kabisa, na wastani wako wa siku 50 ukawa si wa siku 50 tena.

Tatu, uliza bei ya kufunga anayokupa ni ipi: ya mauzo ya mwisho au wastani wa mauzo ya siku? Chukua siku 10 na uzilinganishe na taarifa rasmi ya soko. Kazi hiyo ni ya jioni moja tu.

Wauzaji watakusifia kasi, kwamba bei inakufikia sekunde ile ile. Kwa mwekezaji anayenunua akae na hisa miaka mitano, katika soko ambalo hisa nyingine huuzwa kwa nadra, kulipia kasi ni kutupa fedha. Afadhali bei ya jioni iliyo sahihi.

Wapo wanaosema takwimu za bure zinatosha. Huenda zikatosha kwa kujifunzia. Lakini Mei 2017 kampuni ya Yahoo ya Marekani ilifunga njia ambayo programu nyingi duniani zilikuwa zikichotea bei bila malipo, na watumiaji wake wakabaki na chati zisizosogea. Kwa hiyo, awe wa bure au wa kulipwa, hakikisha muuzaji anakuruhusu kuhifadhi kumbukumbu zote katika kompyuta yako, kwa faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma. Anayekataa kukupa wiki mbili za majaribio amekwisha kukujibu.

Baada ya bei kurekebishwa, mwalimu wetu ameomba suala la benki ile lijadiliwe upya. Huenda bado akasema hapana, lakini safari hii atakuwa ameikataa hisa yenyewe, si kosa la karani.