Waraka kwa wanachama wa Karagwe na Kyerwa: tujifunze kwa mtu anayekataa kuanguka

Kwa wanachama wote wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro na Murongo

YAH: MAZOEZI YA KUJILINDA KABLA YA MSIMU WA KAHAWA



Malipo ya kahawa yanakaribia. Fedha zitakuwa mifukoni, bodaboda zitakesha barabarani, na wanaoishi kwa jasho la wenzao watakuwa wanazitazama. Vijana wetu wameuliza, tena kwa haki, kama haya tunayofundishana yanamfaa mtu aliyevamiwa usiku kwenye njia ya migombani. Jibu langu ni kwamba mengine yanafaa sana na mengine yanapendeza tu machoni, na hatutajua lipi ni lipi iwapo kila tunayefanya naye mazoezi anakubali kuanguka kabla hajaguswa.

Jigoro Kano alipofungua Kodokan, shule yake ya judo, mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa na umri wa miaka 21. Alichukua jujutsu ya wazee, akaweka kando mapigo ambayo watu hawawezi kufanyiana kila siku bila kuumizana, akabakiza kutupa, kubana na kukaba. Lakini hayo machache wanafunzi wake waliyafanya kwa nguvu zote, kila siku, dhidi ya mtu asiyetaka kushindwa. Ndiyo randori. Miaka 111 baadaye, huko Denver, Marekani, Royce Gracie alishinda mashindano ya kwanza ya mapigano ya UFC akiwa mwembamba kuliko wapinzani wake. Ukoo wake ulipata mbinu hizo kwa Mitsuyo Maeda, mtu wa Kodokan aliyehamia Brazil. Mbinu za Royce hazikuwa na siri yoyote. Alikuwa amezifanya maelfu ya mara juu ya watu wanaopinga.

Sisi wa karate tusinune. Goju-ryu ilipandwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, na dojo yake ikaitwa Hekalu la Kujilinda. Jina hilo ni deni kwetu. Kata, yaani mifuatano ya mapigo tunayoifanya bila mpinzani, zibaki, kwa kuwa zinafundisha pumzi, mizani na utii wa mwili. Mikuki ya wafalme wa Karagwe kule Bweranyange nayo ilikuwa ya enzi zaidi kuliko ya kurushwa, na hakuna aliyeidharau kwa sababu hiyo. Ila mwalimu asimwambie binti wa kidato cha pili kwamba akishaijua kata atamnyang'anya mlevi panga. Huo ni uongo, na unaweza kumuua mtoto wa watu.

Nianze na mbinu ambayo hakuna anayeipigia makofi: kuanguka. Dereva wa bodaboda kwenye utelezi wa masika anaanguka mara nyingi kuliko anavyokabwa. Ukemi, yaani ufundi wa kuanguka, unamfundisha kuingiza kidevu kifuani ili kisogo kisigonge ardhi, kutonyoosha mkono kuizuia dunia (kiganja kikitangulia, kifundo au kiwiko ndicho kinacholipa), na kusambaza kishindo mwilini kwa kubingirika. Kama mwaka mzima tungefundisha hilo peke yake, tungekuwa tumeokoa mifupa mingi kuliko ngumi zetu zote. Msianzie kwenye mkeka. Anzieni kwenye nyasi, kisha kwenye mteremko, kisha na jaketi zito na kofia ngumu kichwani.

La pili ni kabali, ile ambayo mjini wanaiita roba ya mbao. Abiria anaomba usimame ajisaidie, au anakuingia shingoni pikipiki ikiwa bado inatembea. Ikibana mishipa ya shingo vizuri, fahamu hupotea kwa sekunde chache, kwa hiyo hakuna muda wa kukumbuka majina ya Kijapani. Kaeni wawili kwenye benchi kama dereva na abiria. Wa nyuma akabe kweli, asikawie na asimwonye mwenzake. Wa mbele ageuze kidevu kuelekea kiwiko cha mkabaji, avute mkono huo chini kabla haujafunga, akanyage breki, kisha ajitupe pembeni. Mkishindwa mara kumi za kwanza, hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Anayegonga mkono kuomba aachiwe, aachiwe papo hapo.

Panga ni jambo jingine kabisa. Huku kwetu kila nyumba ina panga, wala mvamizi hana haja ya kununua silaha. Chukueni bua la jani la mgomba, lipakeni masizi ya sufuria, na mmoja amshambulie mwenzake aliyevaa shati jeupe. (Wa Makunduchi, Zanzibar, hupigana kwa migomba kwenye Mwaka Kogwa, na sisi tunaoishi ndani ya migomba hatujaifikiria.) Hesabuni mistari myeusi baada ya nusu dakika. Hata mikanda myeusi watatoka wamechorwa mikono yote. Mkishaona hivyo, mtaelewa kwa nini nasema: toa simu, toa fedha, kimbia. Kama huna pa kukimbilia, fimbo ndefu ya mchungaji inakupa umbali ambao teke halitakupa, na enduru, ule ukelele wa kuomba msaada, inakupa majirani. Mliopita mgambo mnajua kwamba watu watano wanaokuja mbio ni silaha. Pigeni enduru kwenye mazoezi pia, kwa sauti kamili. Wengi koo hukauka siku ya shida kwa sababu hawajawahi kuipaza mbele za watu.

Kwa mabinti na akina mama, wengi wanaowaumiza ni watu wanaowajua, tena ndani ya nyumba. Basi wafanye mazoezi ya kujinasua wakiwa wamelala chali, wakiwa ukutani, wakiwa na kitenge, si katika msimamo wa picha. Na waelekezwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lilipo, kwa maana mkono unaoachia leo unaweza kurudi kesho.

Mwisho, sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaturuhusu kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, lakini kwa nguvu ya kiasi inayohitajika tu. Mwizi akishabanwa chini, haki yako ya kumpiga imekwisha. Nimechoka kusikia habari za "wananchi wenye hasira kali", na sitaki mwanachama wetu awe ngumi ya kwanza. Mbane bila kumzuia kupumua, kisha waite viongozi wa kijiji na polisi. Atakayempiga aliyekwisha kamatwa atavua mkanda.

Kuanzia Jumamosi hii nusu ya kila kipindi iwe ya mazoezi na mtu anayekataa. Leteni nguo kuukuu za mikono mirefu, benchi moja kwa kila kikundi, na mabua ya mgomba yaliyokatwa siku hiyohiyo, kwa kuwa yakikauka yanavunjika.

Wenu katika mazoezi,
Mwalimu wa mazoezi, Kayanga