Fumbo la Simu na Somo kwa Vyama

Vyama vingi vya hiari huanza kwa shangwe na kufa kimyakimya. Siku ya kwanza ukumbi hujaa. Baada ya miezi michache hubaki mwenyekiti, katibu na viti vitupu. Wakati huohuo mwanachama aliyekwepa mkutano yupo barazani kwake, ameinamia simu, akipanga peremende za rangi kwa saa nzima bila ya kuitwa na mtu. Yafaa viongozi wajiulize: mchezo huo una nini ambacho mkutano hauna?

Mfano mmoja ni Candy Crush Saga, mchezo wa mafumbo ulioingia katika simu mwaka 2012. Hatua yake ya kwanza hata mtoto huimaliza. Peremende tatu za rangi moja zikikutana hutoweka, na alama huongezeka papo hapo. Ashindwaye hasutwi, hurudia tu. Basi siri zake ni tatu: mlango mwepesi, matunda yanayoonekana, na nafasi ya kuanza upya.

Siri ya kwanza ilijulikana Kamenge kabla ya simu hizo. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, vita vilifuata na mitaa ya kaskazini ya Bujumbura ikagawanyika kikabila. Kituo cha Vijana Kamenge kiliwafungulia vijana wa pande zote viwanja vya michezo, maktaba na mafunzo. Aliyevutwa na mpira alimkuta mwenziwe wa mtaa aliofundishwa kuuogopa. Mwaka 2002 kituo hicho kilitunukiwa nchini Sweden Tuzo ya Right Livelihood.

Siri ya pili imo katika vikundi vya kuweka na kukopa, mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, nao umefika hata Burundi. Kila kikao mwanachama hununua hisa moja hadi tano, na muhuri hugongwa katika kijitabu chake mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Mke wa askari aliyehamishiwa kituo cha mbali huondoka kikaoni akijua ameongeza kiasi gani kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto.

Siri ya tatu ndiyo husahauliwa mno. Mtu akikosa kuchangia majuma mawili, haya humzuia kurudi, na faini humfukuza kabisa. Huyo hahitaji hotuba; ahitaji kuambiwa kwa upole kwamba leo hisa moja yatosha.

Hata hivyo, mchezo usiigwe wote. Candy Crush humpa mchezaji nafasi tano. Zikiisha, husubiri nusu saa kupata moja, ama hulipa. Umebuniwa usiwe na mwisho, na faida ni ya kampuni. Kikundi chema kina mwisho: baada ya mwaka hivi, sanduku hufunguliwa na fedha hugawanywa kulingana na hisa za kila mmoja.

Kwa hiyo, kila kikao kimalizikapo, kiongozi na ajiulize: Mgeni alipewa kazi gani aliyoiweza? Mwanachama aliondoka ameona tunda gani? Aliyekosa juma lililopita amerudi? Asipopata majibu, asiilaumu simu.