Moyo Peke Yake Hautoshi

Tumelelewa na methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa sadaka, sawa. Lakini tumeivuta hadi tukaamini kwamba yeyote mwenye huruma anafaa kujitolea popote, siku anayojisikia. Kwenye nyumba zinazohifadhi familia za watoto wagonjwa, imani hiyo inaumiza watu.

Chukua mama aliyetoka Kigoma na mtoto mwenye saratani ya damu kuja Hospitali ya Muhimbili. Aina inayowapata zaidi watoto hutibiwa kwa miaka miwili na zaidi, dozi baada ya dozi. Katikati hapo mtoto hahitaji kitanda cha wodini, ila hawezi kukaa mbali na hospitali, na nauli ya kwenda na kurudi hakuna. Bila mahali pa kulala, mama atafungasha virago. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, lakini katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Na miongoni mwa sababu inazozitaja ni matibabu kuachwa njiani. Kwa hiyo nyumba kama Ujasiri House, inayoendeshwa na Tumaini la Maisha jijini Dar es Salaam, ni sehemu ya tiba kama ilivyo dripu.

Hata huko Marekani, nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald, ya kuhifadhi familia za watoto wagonjwa, ilifunguliwa Philadelphia mwaka 1974 kwa sababu mzazi mmoja, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani Fred Hill, alikuwa amechoka kulala kwenye viti vya hospitali huku binti yake akitibiwa saratani ya damu. Shida ilikuwa kitanda na jiko.

Sasa tazama tunavyojitolea sisi. Jumamosi linakuja kundi lenye fulana za rangi moja, bango, katoni za juisi na biskuti. Watoto wanaamshwa na kupangwa mstari. Yule aliyetapika usiku kucha anabebwa na mgeni asiyemjua, kamera imwone. Mama yake anatakiwa atoe neno la shukrani. Saa moja baadaye wamekwenda, na mashuka yaliyotapikiwa bado yamo kwenye beseni uani. Jumatatu gesi inaisha, na bango haliivishi maharage.

Kuna hatari zaidi ya usumbufu. Dawa za saratani hushusha kinga ya mwili. Mafua yako madogo, au tetekuwanga uliyoitoa kwa mwanao nyumbani, kwa mtoto huyo yanaweza kuwa kifo. Homa tu inatosha kumrudisha wodini usiku huohuo. Moyo wako safi hauui vijidudu vilivyo mikononi mwako.

Najua nitaambiwa ninawakatisha tamaa wenye nia njema. Sikubali. Mwenye nia njema hakasiriki akiambiwa anawe mikono, aache simu mfukoni na ashike ufagio. Anayekasirika alikuja kwa ajili ya picha, na familia hizo hazina deni naye. Wala yule mama hakuja kubembelezwa. Kwake ana shamba, ana watoto wengine, ameendesha kaya miaka yote. Mpe sufuria, mkaa au gesi, na nafasi ya kumpikia mwanawe ugali na dagaa anaoujua, utakuwa umemheshimu kuliko hotuba zote za Jumamosi.

Kazi zilizopo zinajulikana: kufua, kusugua vyoo, kumsindikiza mgeni wa jiji hadi kliniki, kulipia umeme, kushika zamu ya Jumanne ambayo hakuna anayeitaka. Kabla hujaenda, piga simu uulize pengo liko wapi. Ukipewa zamu, ishike mwaka mzima. Na siku ukiamka na kikohozi, toa taarifa mapema, ubaki nyumbani.