Nani Kasema Bwana Msa ni wa Watoto?

Nimechoka kusikia kwamba riwaya ya upelelezi ni ya kupotezea muda, eti kijana akikua ataachana nayo asome fasihi ya kweli. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960, inaturudisha Unguja ya kabla ya Mapinduzi, na mimi bado naisoma kwa raha ileile ya utotoni: mtu amekutwa ameuawa mzimuni, watu wanatetemeka, Bwana Msa na kiko chake anaanza kuuliza maswali.

Huku kwetu Msimbu, mtu akifa ghafla, matanga hayajaisha jina la bibi kizee fulani limeshapita midomoni. Hakuna anayeuliza marehemu alianza kuumwa lini, alikula nini, alikuwa na nani. Bwana Msa angeanza na hayo.

Sasa niambieni, hicho ni kitabu cha kitoto? Nyie mnaotaka kijana asome vitabu vyenye mafunzo, mpeni hiki. Asipojifunza kudai ushahidi kwenye hadithi, atajifunzia wapi? Kwenye mkutano wa kijiji, bibi wa watu ameshasimamishwa katikati?