Folda Isiyoalikwa
Mwaka 2017 Microsoft waliwaletea watumiaji wa Windows 10 folda iitwayo “3D Objects”, na kwa kuwa jina lake linaanza na tarakimu, ikakaa juu kabisa ya orodha, mbele ya folda za nyaraka na picha. Karani wa stoo anayechapa barua na kujumlisha hesabu ana kazi gani na vitu vya pande tatu? Kuificha ndiko kulikokuwa kazi: hakukuwa na kitufe, ilibidi uingie kwenye rejista ya mfumo, mahali ambapo ukifuta mstari usiouelewa kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Kuficha alama za skrini kuu, kama pipa la taka (Recycle Bin), ni nafuu mno. Bofya kulia palipo wazi, ingia Personalize, kisha Themes, kisha Desktop icon settings. Ondoa tiki kwenye Recycle Bin na pipa linatoweka (faili ulizotupa bado zimo, usihangaike). Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, folda ile haikuwamo tena kwenye orodha. Vema, lakini tiki moja tu mwaka 2017 ingetosha.