Rangi nayo itang'oka

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri jinsi ya kupaka upya sila, ule utando wa kukinga zege, kwenye njia ya gari, ila umepita haraka pale pagumu: zailini, dawa ya kulainisha sila kuukuu, haichagui. Njia ya gari ikiwa imepakwa rangi, zailini inaweza kulegeza sila na rangi pamoja, fundi akabaki anakoroga tope. Ijaribu kwanza pembeni, mahali tairi halipiti. Dondosha kidogo, subiri, kisha gusa kwa kitambaa. Sila ikinata, yaelekea ni akriliki. Ikibaki ngumu huenda ni epoksi, na hapo mara nyingi ni mashine ya kukwangua.

Halafu kuna ule weupe kama ukungu unaotokea kwenye sila. Mara nyingi ni unyevu uliofungiwa chini yake, si uchafu, na kuongeza mkono mwingine juu yake ni kuufungia zaidi. Kabla ya kupaka, bandika kipande cha nailoni juu ya zege, sentimita 45 kwa 45, uzibe kingo zote kwa utepe na ukiache saa 16. Ukikuta matone, ahirisha. Sisi wa Dar na Mombasa, wakati wa masika tusijisumbue kabisa.

Mikono miwili myepesi ya sila yatosha, asubuhi umande ukishakauka. Jua la saa sita huleta malengelenge. Penye mteremko, changanya mchanga laini kwenye mkono wa mwisho. Na fundi asivute sigara karibu: zailini inashika moto upesi.